Mtihani wa ajira: Swali si lako, jibu ni lako

Majina ya waliovuka usaili yakitoka, nyumba nzima hujua. Simu hupita mkono kwa mkono, faili hufunguliwa, kidole hushuka taratibu kwenye orodha ndefu, kisha hupanda tena juu kuanza upya, huenda jicho limeruka mstari.

Jina lisipoonekana, kuna swali ambalo huulizwa kabla hata chai haijapoa: "Sasa wewe umekosea wapi?"

Mzazi huuliza kwa mapenzi. Amesomesha, amekopa kwenye kikoba, amesubiri. Lakini kijana aliyeinamisha kichwa mbele yake mara nyingi hana jibu la kweli la kumpa. Katika mitihani ya kugombea ajira za umma kuna mambo mawili yaliyochanganyika: lile alilofanya mtahiniwa mwenyewe, na lile ambalo hakuna mtu angeweza kulijua kabla.

Kushindwa kutenganisha mambo hayo ndiko kunakoumiza watu. Anayeamini kila kitu kilikuwa mikononi mwake hujiona hafai. Anayeamini kila kitu ni bahati huacha kujiandaa. Wote wawili hukosa usingizi.

Tanzania tunaufahamu mchuano huu. Mwaka 2014, zaidi ya watu 10,000 walijitokeza Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025, nafasi 1,596 za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ziliombwa na watu zaidi ya 130,000.

Lakini kuna nchi ambayo imeishi na jambo hili kwa vizazi kadhaa, kiasi kwamba familia huhesabu miaka yake kwa mitihani. Nchi hiyo ni India, na yapo mengi ya kujifunza kutoka kwao, mazuri na machungu.

Milioni moja kwa viti elfu moja

Mtihani wa utumishi wa umma wa India husimamiwa na Tume ya Utumishi wa Umma ya nchi hiyo, maarufu kwa jina la UPSC. Wanaofaulu huwa viongozi wa utawala wa wilaya, maofisa wa juu wa polisi, wanadiplomasia na wasimamizi wa kodi.

Mtihani wa mwaka 2023 uliombwa na watu 1,016,850. Waliofika chumba cha mtihani ni 592,141. Waliovuka mchujo ni 14,624, walioitwa kwenye mahojiano ni 2,855, na waliopendekezwa kupewa kazi ni 1,016.

Kwa maneno mengine, kati ya kila watu 1,000 walioomba, aliyepata ni mmoja tu.

Mtihani una hatua tatu. Ya kwanza ni mchujo wa maswali ya kuchagua jibu. Ya pili ni mtihani mkuu wa kuandika, wenye karatasi tisa. Ya tatu ni mahojiano ya ana kwa ana. Anayeanguka kwenye hatua yoyote, hata kama ni mahojiano ya mwisho, mwaka unaofuata huanza tena kwenye mchujo pamoja na wanaojaribu kwa mara ya kwanza.

Kwa mtahiniwa wa kundi la kawaida, umri ni kuanzia miaka 21 hadi 32 na majaribio hayazidi sita. Makundi yaliyoachwa nyuma kihistoria yameongezewa umri na majaribio. Ukiitazama hiyo miaka kwa jicho la familia, ndiyo ile ya kuanza kazi, kuoa au kuolewa na kuwasaidia wazazi.

Vijana wengi huhamia Delhi, katika mitaa kama Old Rajinder Nagar na Mukherjee Nagar, ambako vyumba vidogo vya kupanga vimebanana na vituo vya tuisheni, maduka ya kutoa nakala na maktaba ambazo mtu hulipia kiti kwa mwezi. Julai 27, 2024, maji ya mvua yaliingia kwenye chumba cha chini ya ardhi kilichokuwa kikitumika kama maktaba ya kituo kimoja huko Old Rajinder Nagar. Vijana watatu waliokuwa wakisoma humo walipoteza maisha.

Msiba huo uliwafanya Wahindi wengi waulize ni gharama kiasi gani familia ziko tayari kulipa kwa ajili ya kiti kimoja serikalini.

Sehemu isiyotabirika

Ukimuuliza mtahiniwa wa India anaogopa nini zaidi, kutosoma si jibu pekee. Huogopa kusoma vizuri halafu karatasi ikaja na sura ambayo hakuna aliyeitarajia.

Mwaka 2023 ni mfano mzuri. Kwa muda mrefu, maswali mengi ya mchujo yalitoa kauli tatu au nne na kumtaka mtahiniwa achague zipi ni sahihi. Aliyejua kuwa kauli moja ni ya uongo aliweza kufuta majibu mawili, akabaki na machache ya kuchagua. Vituo vya tuisheni vilifundisha mbinu hiyo.

Mwaka huo maswali mengi yalibadilika na kuuliza kauli ngapi ni sahihi: moja tu, mbili tu, zote au hakuna hata moja. Mbinu ya kufuta ikafa asubuhi ile ile. Aliyejua kauli mbili kati ya tatu hakuwa na pa kushika, na kila jibu lisilo sahihi hukatwa theluthi moja ya alama za swali.

Matokeo yalionekana kwenye alama ya kuvukia. Kwa kundi la kawaida, mwaka 2019 ilikuwa 98 kati ya 200. Mwaka 2022 ilikuwa 88.22. Mwaka 2023 ikashuka hadi 75.41, kisha 2024 ikarudi 87.98. Mtu mwenye alama 80 angevuka mwaka 2023 na angeanguka mwaka uliotangulia na mwaka uliofuata, akiwa na alama zile zile.

Hata walio bora kabisa hawaepuki. Anudeep Durishetty, aliyeongoza nchi nzima katika mtihani wa 2017, alikuwa kwenye jaribio lake la tano. Aditya Srivastava, aliyeongoza mwaka 2023, mwaka mmoja kabla alikuwa wa 236, na katika jaribio lake la kwanza hakuvuka hata mchujo.

Tena kuna jambo ambalo mzazi anayeuliza "umekosea wapi" anapaswa kulijua. Tume hutoa alama, lakini mtahiniwa harudishiwi kijitabu chake cha majibu. Haoni msahihishaji alipenda nini na alichukia nini. Swali la nyumbani linamtaka aeleze kitu ambacho hajaonyeshwa.

Sehemu iliyo mikononi mwake

Kama swali halitabiriki, kipi kinabaki? Kinabaki jinsi ya kulijibu. Hapa ndipo watahiniwa wa India wamejenga ujuzi ambao hata anayekwenda kwenye usaili wa kuandika Dodoma au Mwanza anaweza kuutumia.

Somo la kwanza ni la hesabu. Katika mtihani mkuu, kila moja ya karatasi tatu za kwanza za maarifa ya jumla ina maswali 20 na alama 250. Maswali kumi ni ya alama 10, yakijibiwa kwa maneno 150, na mengine kumi ni ya alama 15, kwa maneno 250. Muda ni saa tatu, yaani wastani wa dakika tisa kwa swali, pamoja na kulisoma na kufikiri.

Katika hali hiyo, wengi hujikuta wamejibu maswali 14 kwa uzuri na kuacha sita kwa kukosa muda. Chukulia mtahiniwa wa namna hiyo amejibu maswali yote kumi ya alama 10 na manne ya alama 15. Anagombea alama 160 tu. Mwenzake aliyejibu yote 20 kwa kiwango cha kawaida, tuseme asilimia 45, anapata alama 112. Ili amfikie, yule wa majibu mazuri lazima apate asilimia 70 kwenye kila jibu.

Sasa linganisha na hili: mwaka 2023, aliyeongoza nchi nzima alipata alama 1,099 kati ya 2,025, sawa na asilimia 54. Mwaka 2024, Shakti Dubey aliongoza kwa alama 1,043, kama asilimia 51 na nusu. Asilimia 70 haifikiwi hata na wa kwanza.

Ndiyo maana ushauri unaorudiwa kuliko wote ni kutoacha swali. Alama tatu au nne za mwanzo katika jibu hupatikana kwa urahisi, za mwisho ni za kupigania. Haba na haba hujaza kibaba. Tahadhari ni moja: ushauri huu ni wa maswali ya kuandika. Kwenye maswali ya kuchagua, ambako jibu baya hukatwa alama, kubahatisha ovyo huharibu.

Somo la pili ni kusikiliza neno la amri. "Eleza" linataka jambo lilivyo. "Jadili" linataka pande zaidi ya moja. "Chambua" linataka jambo livunjwe sehemu sehemu na sababu zake zionekane. "Tathmini" linataka upime uzuri na udhaifu, kisha utoe hukumu. Mtu anaweza kuandika mambo ya kweli matupu na kukosa alama, kwa kuwa ameeleza alipoambiwa atathmini.

Tuchukue swali la mazoezi: "Kituo cha afya cha kata kina chanjo za kutosha, lakini baadhi ya wazazi hawawapeleki watoto wao. Chambua sababu na upendekeze hatua."

Jibu dhaifu huanza kwa kueleza maana ya chanjo, likataja surua, polio na pepopunda, likafika mwisho wa ukurasa na kumalizia kwa mstari mmoja kwamba elimu itolewe. Wengine hulalamikia upungufu wa chanjo, wakati swali limekwisha kusema zipo za kutosha.

Jibu zuri huingia ndani moja kwa moja. Linataja sababu, na kila sababu linaifunga na hatua yake. Kama kituo kiko mbali na siku ya kliniki ni siku ya gulio, huduma ya mkoba iwafuate wazazi na siku ibadilishwe. Kama kuna uvumi kwamba chanjo inadhuru, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na viongozi wa dini wazungumze na wazazi, maana ndio wanaoaminika. Kama foleni ni ndefu na lugha ya wahudumu ni kali, msimamizi arekebishe huduma ndani ya kituo. Hufunga kwa sentensi moja: mafanikio yapimwe kwa idadi ya watoto waliokamilisha dozi baada ya miezi sita.

Jibu hilo halihitaji mtu aliyekariri kitabu. Linamhitaji mtu aliyezoea kufikiri akiwa na kalamu mkononi na saa ukutani.

Hilo ndilo somo la tatu: kuandika kabla ya siku yenyewe. Mwaka 2006, watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walionyesha kuwa wanafunzi waliosoma kifungu mara kwa mara walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliokumbuka zaidi ni wale waliojipima kwa kuandika walichokumbuka. Kurudia kusoma humpa mtu hisia kwamba anajua. Kuandika bila kutazama kitabu humwonyesha kama anajua kweli.

Majibu mawili kwa siku kwa miezi mitatu, yakipimwa kwa saa na kusomwa na rafiki, humwandaa mtu hata kwa swali ambalo hajawahi kuliona.

Mwili nao uko mtihanini

Kwenye mtihani mkuu wa India, kuna siku mtahiniwa hufanya karatasi mbili za maarifa ya jumla, asubuhi na mchana. Akijaza maneno yote anayoruhusiwa, ameandika maneno 8,000 kwa mkono kabla jua halijazama. Vidole hukakamaa, shingo huuma, na kichwa hufika karatasi ya pili kikiwa kimechoka.

Kwa hiyo mkono nao unahitaji mazoezi. Anayesomea kwenye simu mwaka mzima, halafu akashika kalamu siku ya mtihani, atashangazwa na mkono wake mwenyewe.

Usingizi ni sehemu ya kusoma. Ubongo hupanga na kuhifadhi yale uliyojifunza wakati mtu amelala. Anayekesha usiku wa kuamkia mtihani hubadilishana kurasa chache mpya na uwezo wa kukumbuka zile alizosoma mwezi mzima. Saa saba au nane ni kiasi kinachofaa kwa mtu mzima.

Kisha kuna hofu. Wasiwasi kidogo huamsha mwili, lakini ukizidi hula nafasi ile ile ya akili inayotumika kupanga jibu, na ndipo mtu husoma swali mara nne bila kuelewa.

Mwaka 2011, Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti katika jarida la Science. Walionyesha kuwa wanafunzi walioandika kwa dakika kumi hofu zao zote kuhusu mtihani, muda mfupi kabla ya kuufanya, walifanya vizuri zaidi, hasa wale wenye wasiwasi mwingi. Karatasi na kalamu ya kawaida zinatosha, na hakuna anayepaswa kukisoma kilichoandikwa.

Familia ifanye nini

Jambo la kwanza ni kuweka mpaka kabla ya safari. India imeweka ukomo wa majaribio kisheria. Kwetu, matangazo mengi ya ajira za umma huweka ukomo wa umri wa miaka 45 na hayahesabu mtu amejaribu mara ngapi, hivyo breki inabidi iwekwe nyumbani. Kaeni na kijana mkubaliane: tutajaribu kwa miaka mingapi, kwa fedha kiasi gani, na wakati huo anafanya kazi gani nyingine. Makubaliano hayo yakifanyika kabla ya matokeo huwa mpango. Yakifanyika baada ya matokeo, huonekana kama adhabu.

La pili ni kubadilisha swali. Badala ya "umekosea wapi", muulize yale anayoweza kuyajibu: Ulimaliza maswali yote? Muda uliugawaje? Ni swali gani lilikushtua? Usiku ule ulilala? Maswali haya yana majibu, na kila jibu lina kitu cha kurekebisha. Mengine, kama idadi ya waombaji na sura ya karatasi, yaacheni yapite.

La tatu ni kuacha mifano ya mtoto wa jirani. Jirani huyo huenda alifanya usaili mwaka ambao nafasi zilikuwa nyingi na waombaji wachache. Kulinganisha watu wa miaka tofauti ni kama kulinganisha mavuno ya mwaka wa mvua na ya mwaka wa ukame, ukamlaumu mkulima.

La nne ni kumpa nafasi ya kuwa mtu mwingine zaidi ya mtahiniwa. Anayesaidia dukani, anayefundisha wadogo zake au anayecheza mpira jioni ana mahali pa kusimama siku matokeo yakiwa mabaya. Anayefungiwa chumbani asome tu, akianguka huanguka mzima.

La tano ni kutazama dalili. Huzuni ya siku mbili tatu baada ya matokeo ni ya kawaida. Lakini huzuni ikidumu wiki mbili au zaidi, akikosa usingizi au hamu ya kula, akijitenga na rafiki zake au kuanza kunywa pombe, apelekwe kituo cha afya kuonana na mtaalamu. Akisema hana faida ya kuishi, usimkemee wala usimwambie anatania. Kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Watu 591,125 walioingia chumba cha mtihani wa India wa 2023 hawakupata nafasi. Haiwezekani wote hao wakawa wavivu au wasio na akili. Wengi walijua mambo, ila waliulizwa mengine, au walijua yale yale waliyoulizwa lakini muda ukaisha wakiwa swali la 14.

Kwa hiyo orodha ijayo ikitoka na jina lisiwemo, chai imiminwe kwanza. Kisha kijana achukue karatasi, aigawe katikati kwa mstari, upande mmoja aandike yaliyokuwa mikononi mwake na upande wa pili yale yasiyokuwa. Upande wa kwanza ndio wa kufanyia kazi kesho asubuhi. Upande wa pili ukunjwe na kuwekwa kando, na mtu alale.